Kijana Niliyemnyima Marahaba

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na mimi nikaacha shule darasa la pili. Tangu hapo nimekula kwa jembe langu mwenyewe, hapa kijijini kwetu Ulaya, si ile ya ng'ambo, na sijawahi kumwomba mtu hata chumvi.

Miaka minne iliyopita ng'ombe wa kijana mmoja mfugaji, mgeni kutoka kanda ya ziwa, waliingia shambani kwangu wakamaliza mpunga wote. Tulikuwa tunasali kanisa moja, na mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Jumapili ile alinisubiri mlangoni, akavua kofia.

"Shikamoo, baba. Naomba unisamehe."

Nikampita kama nguzo.

Mke wangu akaniuliza, "Mzee, kijana anakuamkia, au masikio umeyaacha shambani?"

"Yameliwa na ng'ombe wake."

Kijana hakuchoka. Karibu mwaka mzima, kila Jumapili, aliniamkia pale pale, na mimi sikuitikia. Nilijua linalotakiwa ni neno moja tu. Lakini kiburi kilichonijengea nyumba ndicho kilichonifunga mdomo. Kisha akahama na mifugo yake kwenda kusini, na mwaka huu tumesikia amefia huko.

Siku hizi tukisali Baba Yetu, pale pa kusamehe nanyamaza. Namwomba Mungu anibadilishe, ila sioni dalili, na wa kumwitikia hayupo tena.

Leo nina nyumba ya matofali, ekari nne, mbuzi saba, baiskeli, na Biblia ambayo mke wangu hunisomea.