Siku Mama Alipomtafsiria Baba

Nilipomaliza kidato cha sita, nusu ya moyo wangu ilikuwa imeshahamia Kasanga. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa huko akinunua samaki aina ya migebuka kwa wavuvi wa ziwani, akiikausha na kuipandisha Sumbawanga mjini kuuza. Sekondari aliiacha njiani, lakini alikuwa amejenga nyumba ya tofali za kuchoma na kuwaezekea wazazi wake bati.

"Njoo tushirikiane, dada," aliniambia. "Hao wenzako wanaosubiri chuo watazeeka wakisubiri."

Chuo kimoja cha Mbeya kilikuwa kimenikubali nikasomee maabara ya hospitali, lakini mkopo nilioomba nilikuwa sijapata jibu lake, na kijijini kwetu karibu hakuna msichana aliyekuwa amefika hapo nimuulize alifanyaje. Aliyekuwepo ni mmoja tu, binti wa jirani, na huyo ndiye aliyekuwa hoja ya baba.

"Amesoma chuo mpaka akamaliza," baba alikuwa akisema. "Leo yuko mjini, Kizwite, anauza vocha na maandazi. Wazazi wake waliuza ng'ombe wa kulimia. Sasa wanalima kwa jembe la mkono."

Ilikuwa kweli. Maandazi yake nilikuwa nayanunua mwenyewe. Baba hakuwa mtu mkorofi. Alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi aliyeogopa kuporomoka, na mimi sikuweza kumlaumu.

Aliyekataa kunyamaza ni mama mwenye nyumba wangu wa Chanji, mjini. Kidato cha tano na cha sita nilisoma nikiishi kwake, nikimsaidia kupika na kuwaangalia watoto. Alikuwa mtu wa Mbeya, karani wa masijala katika ofisi ya serikali, mjane, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Nilipokwenda kuchukua godoro langu nikamwambia siendi chuo, aliweka sufuria chini.

"Nani amekukataza?"

"Hakuna, mama. Hela ndiyo hakuna."

"Jumamosi nakuja kuongea na baba yako."

Alikuja kweli, juu ya bodaboda, amejifunga mtandio kwa baridi, mkononi ana sukari na mkate. Mama yangu alichinja kuku. Tulikaa jikoni kwenye moto, maana ilikuwa Julai na upepo wa Ufipa ulikuwa unapenya hadi kwenye mifupa.

Baba alikuwa na desturi moja: mambo mazito ya nyumbani kwake aliyazungumza kwa Kifipa, lugha yetu, hata awe amekaa na nani. Mgeni hakujua Kifipa hata neno. Kwa hiyo mama yangu akakaa katikati yao kutafsiri.

"Baba," mgeni alianza, "binti yenu kichwa chake ni cha kusoma. Msimwache aishie kwenye samaki."

Baba aliangalia moto. "Mwambie mtoto ni wangu," alisema kwa Kifipa. "Asije kunifundisha kulea nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu."

Mama alivuta kitenge chake begani. "Anasema anakushukuru sana kwa kumlea mtoto kama wako."

Mgeni alitabasamu. Baba akageuka kumtazama mama. Mimi niliinamia chungu, sijui nicheke au nitoke nje, maana Kiswahili baba alikijua vizuri. Sokoni mjini alikuwa akibishana bei ya mbolea na mtu yeyote.

"Mwambie sina mahindi ya kuchezea," baba aliendelea. "Yaliyo ghalani tunakula."

"Anasema mahindi yapo ghalani," mama alisema. "Si mengi. Lakini mtoto akipata pa kulala huko Mbeya, ada ya kuanzia itatoka humo."

Nilimsubiri baba amkane. Alijisugua goti, akasugua tena, kisha akauliza taratibu, "Muulize: yule wa Kizwite naye si alisoma?"

Hilo mama alilitafsiri kama lilivyo.

"Ni kweli," mgeni alisema. "Kazi siwezi kuwaahidi. Mimi mwenyewe nilikaa na cheti miaka nikiuza mchele sokoni, watu wakinicheka. Lakini siku walipoita, waliita wenye vyeti. Pa kulala papo. Mdogo wangu anaishi jirani na chuo, nimeshaongea naye."

Baba alinyoosha mkono kwenye bakuli. "Kuku anapoa," alisema, kwa Kiswahili. "Karibu mama, tule."

Mgeni alipoondoka nilimfuata mama kisimani. "Mama, je, angekukana mbele ya mgeni?"

"Angeweza," alisema. "Niliogopa, lakini niliona heri nijaribu."

Septemba baba aliuza mahindi, akanipa ada. Nilidhani mtoto wa shangazi atanuna, lakini asubuhi ya safari alinikuta stendi na kiroba cha migebuka mikavu. "Ule huko, usikonde," alisema, akakipakia mwenyewe kwenye buti la basi. Mbeya, kwa mdogo wake mama wa Chanji, nililala chumba kimoja na binti zake, na mkopo ulipotoka mwaka wa pili, baba alipumua.

Nilipomaliza, kazi haikuwepo. Nilirudi nyumbani na cheti changu, nikashuka Kasanga kuuza samaki na mtoto wa shangazi, kwa zaidi ya mwaka. Nilikuwa nikipanda nyumbani kila sikukuu huku naogopa swali moja: chuo kimenisaidia nini? Baba hakuliuliza hata siku moja, wala mbele ya watu, wala tukiwa wawili shambani. Alikuwa ananiuliza tu kama kule ziwani nalala vizuri. Mahindi yale namshukuru. Ukimya ule namshukuru zaidi.

Walipoita wenye vyeti niliitwa nami, na siku hizi niko maabara ya hospitali, hapa hapa mkoani. Mama wa Chanji amestaafu, amerudi kwao Mbeya, na Jumapili tukitoka misa nampigia simu. Anapokea kwa sauti ile ile, hata mume wangu aliyekaa mbali anamsikia. "Shikamoo mama," nasema. "Marahaba, mwanangu. Umekula?"