Presi Iliyosubiri Kuitikiwa

Anayetaka hadithi ya kutunga amwendee mwingine. Hili limenipata mimi, mchana kweupe, jua la Bariadi likiwa utosini, na sikuwa na homa wala sikuwa na njaa. Wallahi nakwambia. Usiponiamini, shauri yako, lakini nisikilize hadi mwisho.

Mimi ni fundi umeme wa mitambo. Kwetu Muheza, Tanga, ila kazi imenifikisha Usukumani, na huku pamba ndiyo kila kitu. Msimu ule niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Mwenye kiwanda alikuwa mgeni, amekinunua juzijuzi, na alikuwa na shida moja iliyomkosesha usingizi: presi, ile mashine ya kufunga marobota, ilikuwa inapoteza muda. Ukibonyeza kitufe cha kuiwasha, honi inalia, halafu inakaa kimya. Inakaa, inakaa, mpaka unaona imekufa. Ndipo kile chuma cha kushindilia kinashuka. Na hivyo hivyo kwa kila robota! Nje malori ya kutoka Nkoma na Sapiwi yamepanga foleni hadi barabarani, madereva wanatukana.

"Mama fundi, nitolee huo uvivu," akaniambia.

Nikamwambia hilo ni jambo la kumaliza kabla chai haijapoa. Ndivyo nilivyo, mdomo unatangulia.

Basi nikaunganisha kompyuta yangu na ule ubongo wa mashine, sisi mafundi tunauita PLC, nikafungua programu. Yarabi! Aliyeiandika hakuacha hata neno moja la maelezo. Namba tupu, mistari imepitana kama nyuzi za mfumaji mlevi. Nikauliza yuko wapi huyo bwana, nikaambiwa alishahama nchi, simu yake haipatikani. Nani afanye kazi ya namna hii, jamani? Ni kama kuingia jikoni kwa mtu usiku, taa hakuna, na hujui kisu amekiweka wapi.

Wafanyakazi walikuwa wamenizunguka, wananichungulia begani. Mimi sipendi kusimamiwa. Nikawafukuza wote. "Nendeni mkale ugali wenu, nikimaliza nitawaita!" Msimamizi wao, mtu mzima anaitwa Masanja, akafungua mdomo kama anataka kusema kitu. Nikampungia mkono aende. Akaenda.

Nikabaki peke yangu. Angalau nilidhani hivyo.

Nikaipata ile subira ndani ya programu, amri inayoifanya mashine ikae. Nikaifuata mstari kwa mstari, nikashangaa. Kwa kawaida mashine ikisubiri, inasubiri kitu: mafuta yapate presha, mlango ufungwe, mota ishike kasi. Hii haikuwa inasubiri chochote. Inasubiri tu. Nikacheka, nikaifuta, nikapakia programu upya kwenye mashine. Sasa ukibonyeza, chuma kinashuka papo hapo.

Nikanyanyuka kwenda kujaribu. Kidole changu kiko kwenye kitufe, nikasikia nyuma yangu:

"Mwadila."

Hiyo ni salamu yao ya mchana. Mtu anakusalimu "mwadila", wewe unaitikia "mwadila mhola", mnaendelea kuulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za watoto, mpaka mridhike. Mimi sikugeuka. Mtoto wa Tanga, na adabu zetu zote za salamu, sikugeuka!

"Mwadila, mama."

"Kaka, nina kazi. Nimesema mkale."

Kisha akasema, polepole, bila hasira yoyote:

"Hata mimi niliitikia. Hawakusubiri tu."

Niamini, mwili ulinisisimka kabla sijajua kwa nini. Nikageuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, ovaroli yake imepauka, nywele, nyusi na kope zimejaa pamba. Kiwanda cha pamba kina vumbi lake jeupe linaloelea hewani, na pale kulikuwa na mwale wa jua umepenya kwenye bati lililotoboka. Vumbi lilikuwa linashuka taratibu ndani ya ule mwale. Likafika kwenye kifua chake, halikusimama. Likapita, likaendelea kushuka hadi sakafuni.

Ungefanya nini wewe? Ungekimbia? Mimi miguu haikuniitika. Lakini nikwambie ukweli, haikuwa hofu ile ya kupiga kelele. Ilikuwa kama pale unaposimama kuswali ukatambua ghafla Unayemwelekea. Nilijiona mdogo, mdogo sana.

Hakunitazama tena. Akaigeukia presi, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti ya kujaza kiwanda:

"Mwadila!"

Kisha akaninyooshea kiganja. Subiri.

Nikasubiri. Kimya. Malori nje sikuyasikia tena. Kimya kikaendelea hadi nikahisi kinaniumiza masikio. Na ndipo, ndani ya lile sanduku la chuma, ndani kabisa, sauti ya mwanamke ikajibu, nyembamba, imezibwazibwa:

"Mwadila mhola!"

Mungu wangu! Niliruka kwenye swichi kuu, nikakata umeme wote, nikakimbilia mlango wa presi. Akatoka Mama Shija, mfagiaji, mweupe kichwa hadi miguu. Alikuwa ameingilia mlango wa nyuma kutoa pamba iliyokwama, wala hakujua kama nimewafukuza watu.

"Samahani nimechelewa kuitikia," akasema huku akikohoa, "vumbi lilinijaa mdomoni. Nani kanisalimia? Ile sauti kama ya marehemu Mayunga."

Nikageuka kumwonyesha. Hapakuwa na mtu. Nikakaa chini sakafuni, nikalia mbele yake bila aibu.

Masanja aliporudi nilimweleza yote. Akavua kofia yake. Akasema zamani, presi ikiwashwa kwa mkono, mwendeshaji alikuwa anaita salamu ndani ya sanduku kwanza, anasubiri. Akiitikiwa, anajua kuna mtu. Siku moja ya msimu mkali, mwendeshaji akaita, hakusubiri. Mayunga alikuwa ndani. Baadaye mdogo wake Mayunga akasomea ufundi, ndiye aliyeiandika ile programu. Honi ndiyo salamu. Ule ukimya ni nafasi ya mtu kuitikia, ili mwendeshaji azime.

"Mbona hakuandika popote?" nikauliza.

"Angeandika nini, mama? Sisi wote tulikuwa tunajua."

Nikairudisha subira, kwa urefu ule ule, na juu ya mstari nikaandika: Hapa tunasubiri kuitikiwa. Mwenye kiwanda alipandisha hasira. Nikamwita Mama Shija, nikamsimamisha mbele yake, nikamwambia, "Uvivu ulioutaka utolewe ndio huu hapa, una watoto wanne." Akamtazama, akaenda zake.

Kabla sijafunga begi nikaijaribu. Honi ikalia. Katika ule ukimya nikakumbuka kwamba kuna mtu alinisalimu mara mbili sikumjibu. Nikasema, "Mwadila mhola, kaka Mayunga." Chuma kikashuka.

Tangu hapo sishiki mashine kabla ya kuisalimu. Mafundi wenzangu wananicheka, wananiita Bibi Salamu. Wacheke. Nawe unayefungua kazi ya mtu mwingine, ukakuta mahali inasubiri na huoni sababu, usifute. Kaulize kwanza kwa waliokuwepo. Na ukisalimiwa, hata uwe na haraka gani, geuka uitikie.