Mkanda wa ngozi mbichi kwenye trekta la kijiji

Wakuu, natumaini mko salama. Nimeona humu watu wanabishana kama mwanafunzi wa sekondari anafaa kukabidhiwa injini ya kweli. Nitawaeleza yaliyonipata mimi, bila kuongeza chumvi, na nilipoharibu nitasema.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa kidato cha tatu Tarime, mchepuo wa ufundi. Mwalimu Wambura, aliyetufundisha magari, alitupeleka wanafunzi sita Nyansurura tujifunze kwenye trekta la kijiji.

Shuleni hatukuwa na injini inayowaka. Ya trekta hilo ndiyo pekee tuliyoruhusiwa kuishika.

Siku ya pili fenibelti ikakatika. Kwa wasiojua, ni mkanda unaozungusha feni na pampu ya maji. Bila huo injini inachemka. Mpya ilibidi itoke Musoma, na haikujulikana ingefika lini.

Mawingu yalishaanza kukusanyika, shamba la kijiji halijalimwa. Mwenyekiti, Mzee Mwita, akatutazama mmoja mmoja.

"Nawapa siku tatu. Mkishindwa, mtashika majembe mlime na sisi. Na mwakani mwalimu asilete mtu hapa."

Nikajitolea. Kwetu Ringwani tumefuga ng'ombe tangu zamani, ngozi naijua. Mpini wa shoka ukilegea unaufunga kwa ngozi mbichi, ikikauka inashika kama chuma. Nikakata ukanda wa ngozi mbichi, nikaushona, nikaukaza vizuri.

Injini ikawaka. Nikatembea kifua mbele.

Haikupita nusu saa, pampu ikaanza kulia. Chacha, mwenzangu wa Itiryo, akazima injini na kuubonyeza ule mkanda. Ulikuwa mgumu kama fimbo.

"Ndugu yangu, umefunga trekta au ngoma?"

Wote wakacheka. Mimi nilitamani kwenda kulala.

Mwalimu hakucheka. Akaniuliza, "Kwenu ngozi ikipata joto inafanyaje?"

"Inabana, mwalimu."

"Basi imebana. Ungeiacha kidogo zaidi, ingeua beringi ya pampu. Ngozi unaijua. Sasa itumie ikiwa imeshamaliza kubana."

Nikaelewa. Tukawamba ngozi nyingine chini kwa vigingi, kama nyumbani. Siku mbili za jua. Tukaipaka mafuta ya ng'ombe na kuisugua hadi ikalainika, ndipo tukakata na kushona. Kisha tukasogeza taratibu dainamo, mtambo wa umeme ambao mkanda huo huupitia, ili ukaze, huku nikibonyeza mkanda kwa dole gumba: usilegee, usiwe mgumu, uingie kidogo tu.

Jioni ya siku ya tatu aliyotupa, Mzee Mwita akaja. Akabonyeza mkanda kwa dole gumba lake, kama alivyoniona nikifanya, akapanda kwenye trekta. Wanakijiji walilima nalo hadi mkanda wa Musoma ulipofika.

Tulipoaga, nikampa shikamoo. Akajibu, kisha akamwambia mwalimu, "Mwakani lete kumi."

Somo nililobaki nalo: ujuzi wa nyumbani ni mtaji, ila jiulize ujuzi huo utafanyaje ukikutana na joto la injini. Na mwanafunzi apewe nafasi ya kukosea, mradi awepo mtu wa kumuuliza swali badala ya kumnyang'anya spana.

Nimefundisha wengi tangu hapo. Kila mmoja huanza kwa dole gumba.

Nanyi wakuu, mlijifunza nini kwa kuharibu kitu kwanza? Karibuni mseme, nasoma yote.