Kiraka cha Pipa la Bibi

Mwenzangu, kuendesha boza la maji, hili lori la tangi, kunachosha mgongo hadi roho. Leo nilikuwa nateremka kuelekea Pito, kulikokuwa na shamba la bibi, mbuzi wakakatiza, nikakanyaga breki. Maji yote yakaja mbele, gari zima likanipiga kikumbo. Nikamkumbuka bibi.

Pipa lake lilikuwa na kiraka cha bati kwenye kitako, kimezibwa kwa lami. Tulililaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yetu Msukuma, kitako nyuma, tukaenda kulijaza mtoni. Maji yalikuwa ya kupikia pombe ya ulezi, ili watu waje Jumamosi kupalilia. Bila pombe hawaji, na bila wao magugu yangelimeza shamba tukalala njaa. Sasa wakati wa kurudi, kila mara ng'ombe walipoondoka kwa nguvu, kiraka kilitema maji. "We pipa, nimekukosea nini?" bibi aligomba.

Njiani tukamkuta mwalimu wetu. Akatueleza kuwa mkokoteni ukiondoka, maji yanataka kubaki palepale, na kitako cha nyuma ndicho kinachoyasukuma. Basi kanieneo, yaani ule mbano wa maji ukutani, unapanda nyuma na kupungua mbele. "Geuzeni pipa, mama." Tukaligeuza. Ng'ombe wakaondoka, hata tone halikudondoka! Bibi alipiga kigelegele.

Kwenye mteremko ndama akakatiza, jirani akawazuia ng'ombe ghafla. Maji yakakimbilia mbele, kiraka kikang'oka, pwaa! Jamani, nililia. Tulibeba mengine kwa ndoo kichwani, lakini tulichelewa.

Jumamosi watu walikuta pombe haijaiva, wakaaga kwa adabu. Walibaki jirani, na mwalimu na jembe lake, uso umemshuka.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba, baba. Ulitufundisha kuondoka, kusimama ukasahau," bibi akamcheka, akampa mstari wa kupalilia mrefu kuliko yetu sote. Tulilima mpaka giza. Nusu ya shamba ilipona, na mwaka ule tulikula mara moja kwa siku.

Bibi hayupo. Shamba limejengwa nyumba za watu nisiowajua, mabomba yakikauka wananiita. Mbuzi wasipokatiza, nikifika kwenye mteremko ule nakanyaga breki mapema, polepole, maji yatulie nyuma yangu. Nimechoka, mwenzangu. Leo nimeyafikisha yote, hata tone halikumwagika, na hakuna wa kunipigia kigelegele.