Mezani ni Kiingereza Tu

Mashindano yetu ya poka yalianza Jumapili mchana, nyuma ya duka la vipuri pale Kansanga, tukiwa bado na Biblia kwapani. Tulikuwa Wakenya watano, makarani na wachuuzi tuliofuata riziki Kampala vita vilipotulia, na wake zetu waliamini ni mkutano wa maombi. Kuomba tuliomba, haki ya Mungu, hasa karata ya mwisho ilipokuwa ikifunuliwa. Tulichezea vizibo vya soda: ukiishiwa vizibo, unatoka, unakwenda kuchoma nyama. Mshindi alipewa kichwa cha mbuzi, mbuzi mwenyewe tulimla sote.

Wa sita alikuwa mama mmoja, mjane wa askari, mtu wa kaskazini, aliyeuza makoti ya mitumba soko la Owino. Poka alifundishwa na marehemu mumewe kambini Makindye, akaja kutufundisha sisi adabu. Huyo mama hakucheza kwa karata, alicheza kwa mdomo. Kiswahili chake cha kambini kilikuwa kimevunjika kila kiungo, na hakuna aliyekiweza.

"Wewe mutu ya Kenya," aliniambia siku moja nikiwa na jozi nzuri mkononi, "nakuonea huruma. Weka chini, enda kula nyama."

Nami mjinga nikaweka. Akafunua takataka. Lo! Meza nzima ilinicheka, na yeye akavuta vizibo vyangu kwake huku akiimba.

Miaka ikapita, mashindano yakanona. Meza moja ikawa nne. Wakaja Waganda, Wahindi, Wakongomani, hata mzungu mmoja aliyezeekea hapa hapa mjini. Kisha hoteli moja ikatuchukua, ikatupa ukumbi, sarafu za plastiki badala ya vizibo, na kikombe chenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mchezaji mbovu kuliko wote, nikafanywa mwamuzi. Nikavaa tai ya kipepeo. Nilivyojiona, we acha tu.

Kanuni zilikuja zimechapwa. Mojawapo ilisema kwamba mchezo ukiendelea, mezani ni Kiingereza tu, ili watu wasile njama kwa lugha ambayo wengine hawaisikii. Kosa la kwanza, onyo. La pili, unasimama nje mizunguko miwili, yaani mpaka zamu ya kugawa imfikie kila mchezaji mara mbili, na kila karata zinapogawiwa, sarafu moja ya kiingilio inakatwa kwenye fungu lako kama kawaida.

Mama alifika meza ya mwisho. Alikitaka kile kikombe. Alikuwa amekwisha kutangaza Owino nzima kwamba kitakaa juu ya makoti yake. Walibaki wanne, yule mzungu mmojawapo, naye mama alikuwa na sarafu saba tu. Kiingereza chake kilitosha kuuza shati. Alijikaza kimya, jasho linamtoka, mpaka uzalendo ukamshinda.

"Wewe muzee, hiyo karata yako iko na njaa!"

Mzungu akaangua kicheko. Nikampa mama onyo. Dakika chache baadaye: "Leta yote, mimi hapana ogopa!"

Hakuna aliyelalamika. Wote mezani walisikia Kiswahili, mzungu kuliko mimi. Lakini meneja wa hoteli alikuwa amesimama nyuma yangu, na ile tai ilikuwa imenikaba hadi akili. Nikamwamuru mama asimame.

"Mwache mama acheze," mzungu akasema, kwa Kiswahili.

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba kanuni ni kanuni. Mbwa mimi.

Akasimama nyuma ya kiti chake, mikono kifuani. Kila karata zilipogawiwa, nilinyoosha mkono nikachukua sarafu moja kwenye fungu lake. Ya saba niliichukua nikitazama dari.

Mashindano yapo bado, tena makubwa. Yeye hakurudi. Wiki iliyofuata nilikwenda Owino, nikajipenyeza kati ya makoti, nikamwomba radhi kwa Kiswahili changu chote: mama nisamehe, nilikosa, kile cheo kilinipanda kichwani, nitukane basi unavyotaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha koti moja, akalikung'uta vumbi, akalipima kifuani pangu.

"Yesi, sa," akasema.

Nikamwita mama tena.

"Yesi, sa."