Maji Yaliyonywewa na Gari

Utasema nimetunga. Sema tu, nimeshazoea. Lakini mimi nilikuwepo, na kaka yangu Zabroni yu hai hadi leo huko Kasulu. Kamuulize, kama atakubali kukujibu.

Ilikuwa miaka ya sabini, muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya pamoja. Mama yetu alikuwa amelazwa Kasulu, hali mbaya, na kila mara alimtaja Zabroni, kifungua mimba wake. Mimi na kaka tukatoka Kibondo mchana na pikapu yake, gari kuukuu ambalo hakuna mwingine aliyeliweza.

Kabla ya Makere, kwenye mlima, mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafuka, injini ikazima. Zabroni hakuwa mtu wa kubahatisha. Alifungua boneti akasubiri ipoe, maana kifuniko cha rejeta ukikifungua kwa pupa kitakubabua uso. Akaona mpira wa rejeta umepasuka, akaufunga kwa kipande cha tyubu. Akajaribu kuwasha, kimya. "Inataka maji," akasema. Maji yenyewe yako wapi? Tulizungukwa na mahame, kuta zimeanguka na migomba imemezwa na nyasi. Jua lilikuwa linashuka, na kaka yangu alikuwa analia waziwazi. Aliogopa mama atakufa hajamwona.

Ndipo akatokea bibi mmoja na kibuyu. Mtu anatokaje kwenye mahame? Sikujiuliza. Wewe ungejiuliza? Tulimwamkia, akaitikia vizuri. Akayaonja maji yale mbele yetu, kama ilivyo desturi yetu Waha: anayekupa kinywaji hukionja kwanza ujue hakina sumu, nawe sharti unywe, hata funda moja. Kukataa ni kumwita mwenzio mchawi. Nikanywa funda langu. Yalikuwa maji ya kawaida, nakuapia.

Akamgeukia kaka. "Nywa, mwana wanje," akimwita mwanangu kwa Kiha.

"Gari kwanza, bibi. Mama yangu anakufa." Akayamimina yote kwenye rejeta.

Bibi akachungulia ndani ya kibuyu. "Haya," akasema taratibu. "Umenywesha chuma." Akarudi kwenye nyasi.

Kibuyu kilikuwa kidogo, lakini rejeta ilijaa mpaka mdomoni. Gari likawaka papo hapo. Mshale haukuinuka tena njia nzima, na tulipofika niligusa boneti nikakuta baridi. Fundi aliyelifungua kesho yake hakukuta hata tone kwenye rejeta, wala hakuona palipovuja.

Mama tulimkuta anaongea. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Akaomba maji, Zabroni akawahi kikombe, akamwinua kichwa. Mama akafumba mdomo.

"Yanaunguza," akasema.

Nikakichukua kikombe kilekile, akanywa kwangu. Tulijaribu tena na tena, maji, uji, hata chai iliyopoa. Kwa mkono wa kaka hakumeza kitu. Na usidhani alimkasirikia. Alimshika mkono, akamwita kwa jina la utotoni, akamwambia amefurahi kumwona. Ila hakunywa, mpaka akafa.

Niamini, hadi leo naumia. Kaka yangu alikosa nini zaidi ya kumpenda mama yake? Baada ya mazishi tulirudi pale mlimani na pombe ya ndizi kumwomba yule bibi radhi. Watu wa Makere walituambia kulikuwa na bibi aliyegoma kuhama, akafia huko, akazikwa na majirani wachache. Tuliimwaga ile pombe kwenye nyasi tukaondoka. Haikuufungua mkono wa kaka, au labda tulichelewa.

Zabroni sasa ni mzee. Mgeni akifika kwake humwita mkewe ampe maji. Wajukuu wakimwomba, huwaonyesha mtungi ulipo wajichotee wenyewe, na wao hudhani babu ni mvivu.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayepita upande ule. Gari likikuharibikia na mtu akakuonjea maji, kunywa kwanza, hata kama unakimbilia kwa mgonjwa. Kaka yangu alifika kwa wakati, lakini hakuweza kumnywesha mama yake.