Kandambili ya Mguu wa Kushoto

Mama alipoanza kuburuta mguu wa kushoto, ndugu walikaa kikao nyumbani kwetu Iyula. Hawakuchukua muda: msomi ndiye aamue. Msomi nilikuwa mimi. Shahada yangu ni ya sosholojia, lakini hakuna aliyeuliza.

Nilimpeleka hospitali ya rufaa. Daktari alinionyesha kwenye picha vifuko viwili vya maji, ukubwa wa tunda la kahawa, vimeota kwenye mizizi ya neva chini kabisa ya uti wa mgongo. Maumivu ya mguu yalianzia huko, akashauri upasuaji.

"Umeshafanya upasuaji wa hivi mara ngapi?" niliuliza.

"Mara mbili."

"Walipona?"

"Mmoja alipona. Wa pili maumivu yalipungua tu. Ugonjwa huu ni adimu, kijana, sikudanganyi. Lakini mguu umeanza kulegea. Msichelewe."

Niliupenda ukweli wake, halafu nikaufanya sababu ya kumtilia shaka. Nilisoma kwenye simu kwamba wengi huishi na vifuko hivyo bila hata kujua. Nikamwambia mama tusubiri kahawa iishe kuchumwa.

"Wewe ndiye uliyesoma, baba," alisema.

Siku moja alirudi kutoka shambani na kandambili moja. Nikamcheka. "Mama, nyingine umemwachia nani?"

Naye akacheka, kisha akatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa peku. Kisiki cha bua la mahindi kilikuwa kimemtoboa unyayo, damu imeganda pamoja na udongo. Hakuwa amehisi chochote, wala kandambili ilipomvuka, wala alipochomwa. Tukaacha kucheka.

Alipasuliwa wiki ile ile. Daktari alivifungua vifuko, akaondoa maji, akavishona visijae tena. Maumivu yaliisha. Unyayo haukuinuka; neva ilikuwa imebanwa muda mrefu mno.

"Tungekubali ile siku uliyotuambia, mguu ungepona?" nilimuuliza.

"Labda," alisema, akaendelea kuandika.

Mimi huhoji kila kitu. Hilo sijalihoji.

Asubuhi namfunga mama kandambili ya kushoto kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, isimvuke akitembea. Jirani akipita, mama humwambia kwa sauti, "Huyu ndiye aliyeniponya."

Nakaza fundo.